Mukopo umelipwa, mashini inakatala: hesabu ya malipo inapotelea wapi Lubumbashi?

Wamama wa soko, madereva wa taksi, walimu na wenye maduka madogo ya Lubumbashi wanalipa mikopo yao kwa njia nyingi: kwa simu, kwenye giche, kwa mkono wa ajenti anayepita sokoni. Wengi wanafikiri kwamba makuta yakisha kutoka mfukoni, deni limepungua. Sivyo. Kulipa ni safari moja, kuandikwa ni safari ingine. Kati ya hizo safari mbili ndimo mutu anaweza kuitwa mwenye deni siku ile ile amemaliza kulipa. Habari hii inaeleza namna kosa linaingia, namna linakua, na mambo gani mwenye kukopa anaweza kudai.

Barabara nyingi, kitabu kimoja

Zamani mukopo ulikuwa na mulango mumoja. Unaenda kwenye biro, unatoa makuta, unapewa bordero yenye tampo, unarudi nyumbani. Tangu FINCA ilianza kazi Congo mwaka 2003, na baada ya sheria namba 11/020 ya tarehe 15 Septemba 2011 kupanga kazi ya mikrofinansi, nyumba za kukopesha watu wadogo zimekuwa nyingi. Mwaka 2012 Vodacom ikaleta M-Pesa Congo. Leo pamoja na Airtel Money na Orange Money, simu imekuwa giche ya watu wengi. Kabine iko kila kona, kuanzia soko ya Kenya mpaka Katuba, Ruashi na Kampemba.

Ni jambo jema. Mama anayeuza bunga hafungi tena meza yake nusu ya siku juu ya kwenda kupanga mustari mujini. Lakini kila njia mupya inaongeza daftari mupya. Malipo ya simu yanaandikwa kwanza katika mashini ya kampuni ya simu. Kisha yanaonekana katika konti ambayo nyumba ya mukopo iko nayo kwa ile kampuni. Kisha, na ni hapa kazi inakuwa nguvu, yanapaswa kuingia katika programu ya mikopo: kwa jina la mukopaji, kwa namba ya mukopo wake, kwa tarehe ya kweli, kwa feza ya kweli.

Ujumbe unaoingia kwenye simu ya mama unahakikisha hatua ya kwanza tu. Unasema: makuta yametoka kwako. Hausemi: deni lako limepungua. Watu wengi hawajaelezwa tofauti hiyo.

Sababu za malipo kukosa njia ni za kila siku. Mama hana simu yenye makuta, anatumia simu ya mutoto wake, basi jina linalofika si lake. Namba moja ya dosye imeandikwa vibaya. Mutandao unakatika katikati, anarudia, kumbe malipo yote mawili yamepita. Ajenti anapokea makuta sokoni, anatia sinyatire katika kakitabu ka mama, lakini mangaribi anaandika kwa biro jumla tu, bila majina. Mutu amelipa siku ya Posho saa za jioni, mashini inaandika Kazi ya kwanza asubui, na kama tarehe ya mwisho ilikuwa Siku ya Mungu, tayari amechelewa.

Makuta kama hayo hayapotei. Yanawekwa mu konti ya kungojea, kama mufuko wa barua zisizo na adresi. Nyumba ya mukopo inayo. Mashini inajua kwamba yapo. Lakini haijui ni ya nani, kwa hiyo haiwezi kupunguza deni la mutu yeyote.

Kosa moja, miezi yote inachelewa

Hapa ndipo wengi wanashangaa. Mama mumoja anakosa malipo moja katika hesabu, lakini karatasi anayopewa mwishoni inaonyesha kwamba alichelewa miezi mine ao mitano. Je, karatasi inasema uongo? Mara nyingi hapana. Inafuata kanuni yake tu.

Tuseme mama amekopa dola 600, na anapaswa kulipa dola 115 kila tarehe 5, kwa miezi 6. Mwezi wa kwanza malipo yanaingia vizuri. Mwezi wa pili analipa dola 115 siku yenyewe, lakini namba ya dosye ina kosa. Makuta yanakwenda kwenye konti ya kungojea. Kwa mashini, mwezi wa pili ni tundu.

Mwezi wa tatu analipa tena, tarehe 5, bila kosa. Mashini inafanya nini? Inachukua zile dola 115 na kufunika deni la zamani kwanza, ni kusema mwezi wa pili. Sasa mwezi wa tatu unabaki wazi. Mwezi wa ine anapolipa, yale makuta yanafunika mwezi wa tatu. Ni hivyo mpaka mwisho. Mama hajakosa hata siku moja, lakini katika kitabu amechelewa siku 30 kila mwezi, na nyuma ya mwezi wa sita bado anadaiwa malipo moja nzima.

Haiishi hapo. Kama mukataba unaweka penalite juu ya kuchelewa, na kama kanuni ya programu ni kukata penalite kwanza, kisha faida, kisha muzizi wa deni, basi tuseme penalite ni dola 5. Katika dola 115 alizoleta, 5 zinaenda kwa penalite, na zinazobaki, 110, hazitoshi kufunika mwezi. Tundu linapanuka kidogo kidogo, ingawa kila mwezi mama analeta makuta yote.

Siku moja labda mutumishi wa biro anafungua konti ya kungojea, anakuta zile dola 115, anaziweka kwa jina la mama. Watu wanafurahi. Lakini kuna namna mbili za kufanya ile kazi. Akiziandika kwa tarehe ya leo, deni linapungua, lakini ile historia ya kuchelewa inabaki, na penalite zilizokatwa zinabaki zimekatwa. Akiziandika kwa tarehe mama alilipa kweli, kisha akafungua upya hesabu ya miezi yote iliyofuata, hapo tu ndipo haki imetendeka. Namna ya kwanza inachukua dakika chache. Ya pili inaomba kazi na mara nyingi ruhusa ya mukubwa wa biro. Kwa hiyo mukopaji asiulize tu “mumeona makuta yangu?” Aulize pia: “mumeyaandika kwa tarehe gani?”

Dola ku mukataba, franka mu mufuko

Lubumbashi iko na shida yake ingine. Mikopo mingi inaandikwa kwa dola, lakini biashara ndogo inauza kwa franka. Anayeleta vitu kutoka Kasumbalesa anahesabu hata kwacha ya Zambia. Simu pia ina konti mbili, ya franka na ya dola. Ukitoa makuta kwenye konti ya franka ili kulipa deni la dola, kuna mutu ao mashini inayopaswa kuamua: dola moja ni franka ngapi, na ni kwa siku gani?

Turudie ile dola 115. Siku mama analipa, tuseme dola ni franka 2.800. Anatoa franka 322.000, na kwa akili yake amemaliza. Lakini malipo yanaandikwa siku tatu nyuma, wakati biro inahesabu dola kwa franka 2.850. Franka 322.000 zimekuwa dola 112,98. Zimepunguka dola 2 na santime 2. Ni makuta kidogo, lakini mashini haina neno “kidogo”. Malipo yasiyotimia ni malipo yasiyotimia, na saa ya penalite inaanza kutembea.

Wakaaji wa Congo wanajua namna franka inaweza kuruka. Mwanzo wa mwaka 2016 dola moja ilikuwa karibu franka 930. Mwisho wa mwaka 2017 ilikaribia franka 1.600. Aliyekuwa na deni la dola 100 aliona kilima kikipanda kutoka franka 93.000 mpaka karibu 160.000, bila kukopa kitu kingine. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 2025 mambo yakageuka: franka ikapata nguvu haraka, dola ikashuka kutoka karibu 2.800 mpaka chini ya 2.500. Safari hiyo mwenye deni la dola anayeuza kwa franka akapumua kidogo. Lakini yule aliyekopa kwa franka huku akichunga dola nyumbani akajikuta anatoa dola nyingi zaidi kwa deni lile lile.

Hakuna nyumba ya mukopo inayoweza kusimamisha soko ya feza. Lakini inaweza kuandika mambo mawili katika mukataba kwa maneno wazi: kiwango kinachotumiwa kinatoka wapi, na siku inayohesabiwa ni ile ya mutu kulipa ao ile ya biro kuandika. Pale mukataba unanyamaza, hasara inamwangukia mwenye kukopa, na yeye hata hajui ilitoka wapi.

Kikundi kimelipa, lakini nani amelipa?

Mikopo ya vikundi ina fundo lake. Wamama kumi wanachukua mukopo pamoja, kila mumoja anasimamia mwenzake. Kila mumoja anapaswa kutoa dola 80, jumla 800. Siku ya kulipa mumoja ana 60 tu. Prezidenti anakusanya 780 na kuzituma mara moja kwa simu yake.

Kwa kampuni ya simu, ni mutu mumoja amelipa dola 780. Kwa programu ya mikopo, kuna njia nyingi za kugawa. Inaweza kupunguzia kila mama dola 2, na hapo wote kumi wanaonekana hawajatimiza. Inaweza kufuata mustari wa majina, na hapo wa mwisho kwenye liste ndiye anabeba pengo, hata kama alilipa wa kwanza. Ni daftari ya prezidenti peke yake inajua ukweli. Kama ile daftari haikufika biro siku ile ile, ukweli huo unabaki sokoni. Nyuma ya miezi mitatu, mama anayeomba mukopo wake mwenyewe anaambiwa: “Mama, historia yako si nzuri.”

Na historia inatembea. Banki Kuu ya Congo inachunga habari za wakopaji kwenye kile kinaitwa kwa kifaransa centrale des risques, ili banki na mikrofinansi zijue nani ana deni wapi. Ni chombo chenye maana, kinazuia mutu kujitwika madeni kila upande. Lakini kikipokea kosa, kinalipeleka kosa lile kwa kila mulango mama atabisha kesho. Mulango unaobaki wazi ni ule wa “Banque Lambert”, wakopeshaji wa mutaani ambao faida yao inakula biashara nzima.

Kazi ya kila mangaribi

Dawa yake inajulikana, na si ya ajabu. Wahasibu wanaiita kulinganisha hesabu. Kila mangaribi mutumishi anaweka karatasi tatu pamoja: liste ya malipo kutoka kampuni ya simu, hali ya konti ya nyumba ya mukopo, na kitabu cha mikopo chenyewe. Kila malipo inatafutwa katika zote tatu: kodi ya muamala, kiasi, tarehe, namba ya mukopo. Zinazokubaliana zinafungwa. Zisizokubaliana zinatafutiwa mwenyewe kesho yake asubui, si mwisho wa mwezi.

Programu nzuri inaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo peke yake, hasa kama kila mukopo una namba yake ya kulipia na simu inakatala namba isiyokuwepo. Lakini hakuna programu inayoweza kujua kwamba “Papa Junior” wa ile simu ni bwana ya mama wa dosye fulani. Hapo inaomba mutu, telefone, na muda. Nyumba inayopunguza watumishi wa hesabu ili kuongeza watumishi wa kutafuta wakopaji inajiongezea malipo yasiyo na mwenyewe.

Kuna swali moja linaloweza kupima afya ya nyumba ya mukopo kuliko matangazo yake yote: konti yenu ya kungojea iko na makuta ngapi leo, na ya zamani zaidi ni ya tangu lini? Kama ni ya jana, kazi inatembea. Kama ni ya miezi sita, basi kuna watu wanaolipa penalite juu ya makuta ambayo nyumba yenyewe imekalia.

Nani anaaminiwa: karatasi ao mashini?

Sheria ya Congo kuhusu mikataba ni dekreti ya zamani, ya tarehe 30 Julai 1888, lakini ingali inatumika. Artikle yake ya 197 inagawa muzigo namna hii: anayedai deni aonyeshe deni, anayesema amekwisha kulipa aonyeshe malipo. Ni kanuni ya haki. Lakini iliandikwa wakati malipo ilikuwa mukono kwa mukono. Leo nusu ya alama za malipo ziko ndani ya mashini za yule anayedai.

Tangu Congo iliingia OHADA mwaka 2012, mwenye kudai anaweza pia kuomba korti amri ya kulipa bila mwenye deni kusikilizwa kwanza. Mwenye deni anapewa siku chache za kupinga. Asiye na karatasi anazimaliza siku hizo akitafuta ujumbe uliofutika mu simu.

Uingereza ilipata somo kali juu ya jambo hili. Posta ya kule iliweka programu ya hesabu iliyoitwa Horizon, kazi ya kampuni Fujitsu. Programu ilikuwa inaonyesha mapengo ya makuta katika biro ndogo za posta. Wenye biro walisema: hatukuiba. Posta ikajibu kwamba mashini haikosei. Tangu 1999 mpaka 2015 watu zaidi ya 900 walihukumiwa, wengine wakafungwa, wengine wakafilisika. Ni Desemba 2019 tu Korti Kuu ya London ilisema wazi kwamba programu ilikuwa na makosa, na mwaka 2024 bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo. Wale watu walikuwa na wanasheria, barua na magazeti. Mama wa soko ya Njanja ana nini, kama si kakitabu kake?

Wakati banki zinafunga

Kwa wasikilizaji wa Kivu, swali hili lilikuja na moto. Banki zilifunga milango Goma mwisho wa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, wakati miji hiyo iliingia mikononi mwa M23. Giche zikafungwa, feza taslimu ikawa haba, simu ikabaki njia kubwa ya kupitisha makuta. Lakini ratiba ya mukopo ndani ya programu haijui vita. Tarehe 5 ikifika, inahesabu siku moja ya kuchelewa, kisha mbili, kisha mia, mpaka mutu mwenye ruhusa aiambie isimame. Kwa hiyo anayedaiwa kule ana haki ya kuuliza kwa maandishi: siku giche ilifungwa, hesabu yangu ilisimamishwa ao iliendelea?

Kasanduku ka funguo tatu

Katika miji na vijiji vya mashariki, vikundi vya AVEC vinaweka akiba na kukopeshana bila kompyuta yoyote. Makuta yanakaa mu kasanduku kenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Kila mukutano hesabu inasomwa kwa sauti, kila mumoja anaona tampo ikiingia katika kakitabu kake. Kosa linaweza kutokea, lakini haliwezi kulala wiki nzima bila mutu kuliona, kwani macho ya wote iko pale.

Mashini ya mikrofinansi inaweza kubeba watu maelfu, kasanduku hakawezi. Lakini mashini inaweza kuiga kitu kimoja cha kasanduku: kumuonyesha mutu hesabu yake siku ile ile. Ujumbe wa pili, kutoka kwa nyumba ya mukopo yenyewe, unaosema “tumepokea dola 115, tumeziandika mwezi wa pili, deni lililobaki ni hili,” ungeondoa sehemu kubwa ya ugomvi. Bei yake ni bei ya esemesi moja.

Wakati huo haujafika kila pahali, mwenye kukopa ajichunge mwenyewe:

– Lipa kwa simu yako ukiweza. Ukitumia ya mwingine, julisha biro siku ile ile.
– Andika katika kakitabu kodi ya muamala, tarehe, kiasi na feza. Usiamini simu peke yake. Simu inaibiwa, ujumbe unafutika.
– Usimpe ajenti makuta bila resu yenye namba. Sinyatire tu haitoshi.
– Omba hali ya mukopo wako kila mwezi, linganisha na kakitabu kako kabla ya malipo inayofuata.
– Ukiona tundu, peleka barua na kopi za alama zako, uombe malipo iandikwe kwa tarehe ya kweli na penalite zirudishwe. Chunga kopi yenye tampo ya kupokea.
– Ukimaliza kulipa, usitoke bila karatasi ya kumaliza deni, na uombe dhamana yako irudishwe siku ile: parsele, frigo, ao karatasi za motokari.

Wakubwa wa nyumba za mukopo nao wanajua kwamba mukopaji anayelipa vizuri ndiye mali yao ya kweli. Wakimuita mwenye kuchelewa kwa kosa la konti yao wenyewe, wanampoteza yeye, na pia wale kumi aliokaa nao sokoni. Sokoni habari inatembea mbio kuliko programu yoyote, na mama aliyelipa mara mbili hatanyamaza.